Chumvi ya Bahari Katika Jiko la Masukulu

Chumvi ya bahari hutengenezwa kwa kutenganisha vitu vitatu. Maji huachwa yapande hewani, chumvi ya kuliwa huachwa igande, na maji machungu yanayobaki juu yake huondolewa kabla hayajaganda pamoja nayo. Mambo mawili ya kwanza ni kazi ya jua na upepo. La tatu ni la mtu. Yeye ndiye anayechagua siku ya kuvuna, na uchaguzi huo ndio unaoamua chumvi itakuwaje itakapofika kwa mlaji.

Mlaji huyo huenda akawa mbali sana na bahari. Masukulu ni kata ya Wilaya ya Rungwe, katika nchi ya Tukuyu, na kutoka huko hadi Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Ni nchi ya migomba na ya mvua nyingi. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna miezi ambayo nguo iliyoanikwa asubuhi huanuliwa jioni ikiwa bado mbichi. Hewa ya namna hiyo huikagua chumvi kuliko mnunuzi yeyote. Iliyovunwa vizuri hukaa kavu. Iliyovunwa ovyo hulowa, ikafanya tope, kisha ikaanza kutoa maji chini ya mfuko. Maelezo yanayofuata yanaichukua chumvi kutoka baharini hadi katika jiko hilo, na yanategemea kwa sehemu kumbukumbu za mtu aliyelelewa Masukulu, ambaye baadaye alifanya kibarua katika mashamba ya chumvi ya upande wa Bagamoyo, akaijua chumvi huku na huko.

Nyanda za juu za kusini hazikungoja bahari ili zipate chumvi. Kwa karne nyingi watu wa bara walikuwa na chumvi yao. Iliyo karibu zaidi na Rungwe katika zile zinazojulikana vizuri ni ya Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, leo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Huko ziko chemchemi za maji ya chumvi, na mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walipochimba kandokando yake walikuta mabaki ya watu waliokuwa wakitengeneza chumvi tangu karne ya 13. Uvinza, mashariki mwa Kigoma, historia ni ndefu zaidi. Vigae vya kale vya huko vinarudi nyuma hadi katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Katika karne ya 19 wasafiri waliopita Uvinza, akiwamo Richard Burton mwaka 1858, waliikuta chumvi hiyo ikisafirishwa mbali sana na ikisifiwa kuliko nyingine za bara. Watu walikwenda kwenye chemchemi wakati wa kiangazi, wakachemsha maji katika vyungu, na watawala wa mahali wakachukua sehemu yao.

Pasipokuwa na chemchemi, jamii nyingi za Afrika Mashariki zilitumia majivu. Matete na nyasi za mabwawani zilikatwa, zikakaushwa na kuchomwa. Majivu yakatiwa katika chombo chenye matundu, yakamwagiwa maji, na maji yaliyochuruzika yakachemshwa mpaka yakauke. Chumvi ya aina hiyo ina potasiamu nyingi, kwa hiyo ladha yake ina uchungu kidogo. Hailingani na ya bahari kwa ukali, lakini ilitosha kuitia ladha mboga ya majani na maharage. Jambo la kukumbuka ni kwamba mbinu ya chumvi ya majivu, ya chemchemi na ya bahari ni moja: kuokota chumvi pale ilipotawanyika, kuikusanya katika maji machache, kisha kuyaondoa maji. Aliyeona bibi yake akichuja majivu, hata kama ni kwa ajili ya kulainisha maharage tu, hahitaji kuelezwa sana anapofika pwani.

Pwani nayo haikubali kila mahali. Shamba la chumvi linataka ardhi tambarare, udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, na maji ya bahari yasiyochanganyika na ya mto. Mahali penye sifa hizo ni nyuma ya mikoko, kwenye zile bapa tupu ambazo watu wa pwani huziita jangwa. Bahari huzifikia siku chache tu za mwezi, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida. Siku nyingine zote jua huzichoma. Chumvi inayobaki juu ya udongo ni kali kiasi kwamba hata mikoko haioti. Ardhi isiyofaa kwa mkulima ndiyo inayomfaa mtu wa chumvi. Bapa za namna hii ziko kuanzia Tanga, Saadani na Bagamoyo mpaka Kilwa, Lindi na Mtwara, na pia Pemba. Kaskazini ya mpaka ziko kuzunguka Gongoni na Kurawa, juu ya Malindi.

Bamvua ndiyo saa ya shamba. Kati ya bamvua moja na nyingine ni kama wiki mbili, na katika pwani ya Tanzania tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hufikia mita 3 na zaidi. Lango la bwawa la kwanza hufunguliwa maji yanapojaa, hufungwa kabla hayajaanza kupwa. Mwenye shamba anayekosa bamvua kwa sababu lango limeoza au tuta limebomoka hungoja bamvua nyingine, au hugharimia pampu na mafuta.

Katika bwawa la kwanza maji hutulia, tope likashuka. Kutoka hapo hupelekwa katika mabwawa ya pili na ya tatu, kila moja likiwa na kina kidogo kuliko lililotangulia, mpaka yafike katika majaruba ya kukaushia ambako kina chake hakizidi sentimita chache. Safari hii ya maji ina sababu yake. Lita 1,000 za maji ya bahari zina takriban kilo 35 za chumvi za kila aina, na kati ya hizo takriban kilo 27 ndizo chumvi ya kuliwa, yaani kloridi ya sodiamu. Zilizobaki ni chokaa, jasi, na chumvi za magnesiamu na potasiamu. Kila moja hutengana na maji kwa zamu yake. Chokaa hutangulia. Jasi hufuata, maji yakiwa yamepungua hadi kama sehemu moja ya tano. Chumvi ya kuliwa hungoja mpaka lita 1,000 zibaki kama 100 tu. Zile za magnesiamu huja mwisho kabisa, zikiwa na uchungu wake.

Kwa hiyo shamba la chumvi limepangwa kufuata zamu hizo. Chokaa na jasi huachwa zigande katika mabwawa ya kati, ambako hazimdhuru mtu. Maji yanapoingia jaruba la mwisho yanakuwa yameshajitenga na hayo, na kilicho tayari kuganda ni chumvi. Mashamba makubwa hutumia haidromita kupima uzito wa maji. Wazee wa kazi huangalia rangi na uso wa maji. Maji mazito sana hubadilika yakawa mekundu au ya waridi, kwa sababu ya vijimea na bakteria wanaostawi penye chumvi kali, na wekundu huo husaidia maji kunasa joto la jua. Baadaye huonekana vipande vyembamba vikielea, vimetanda juu ya maji penye utulivu. Upepo ukivuma huvisukuma pembeni vikazama. Hapo jaruba limeanza kuzaa.

Kijana wa Masukulu aliyezoea shughuli ya kumwaga maji, kwa maana ya mifereji ya kuzuia mvua isisombe udongo wa shamba, alishangazwa na kazi ya kuyatunza maji machache kwa uangalifu wa aina hiyo. Siku zake za kwanza zilikuwa za kukanyaga sakafu. Kabla ya msimu, udongo wa jaruba hukanyagwa au kuviringishiwa mzigo mzito mpaka ugande ukawa mgumu na laini. Sakafu isiyokanyagwa vizuri huinuka pamoja na chumvi siku ya kuvuna, na chumvi yenye udongo hakuna namna ya kuiokoa isipokuwa kuiyeyusha upya. Ni kazi isiyoonekana katika chumvi nzuri. Huonekana katika mbaya tu, na kwa sababu hiyo wenye haraka huiruka.

Uvunaji huanza alfajiri, kwa sababu baada ya saa nne mwanga unaorudi kutoka kwenye chumvi huumiza macho. Chumvi huburutwa kwa reki za mbao hadi kwenye kingo, ikarundikwa, kisha ikabebwa kwa karai au toroli. Miguu hupasuka visigino, na kila mpasuko huingia maji ya chumvi. Wenye mabuti ni wachache. Wengi hujipaka mafuta usiku na kurudi kesho yake. Anayekula chumvi hii milimani hana jinsi ya kuyajua hayo, na bei ya mfuko mdogo dukani haiyasemi.

Kisha kuna suala la maji machungu. Chumvi ikishaganda unene wa kutosha, maji yaliyobaki juu yake huwa mazito, hujaa magnesiamu, na huteleza vidoleni. Yakiachwa mpaka jaruba likauke kabisa, mzigo huongezeka, kwa kuwa chumvi zote zilizokuwamo zimeganda pamoja. Mwenye shamba aliyebanwa na deni ana kila sababu ya kuyaacha. Chumvi huuzwa kwa gunia au kwa uzito, na chumvi iliyobeba magnesiamu na unyevu ni nzito. Katika shamba ambalo kijana huyu alifanya kazi, msimamizi mzee aliyeheshimiwa na wote hakukubali jambo hilo. Vibarua walipomwambia, “Shikamoo mzee, jaruba la mwisho limebaki maji kidogo tu, tusubiri likauke?” aliitikia marahaba na kuwaambia wafungue mfereji. Maji yakatolewa. Chumvi ikavutwa ikiwa bado imelowa, ikasuuzwa kwa maji mazito ya jaruba la jirani ambalo lilikuwa halijafikia uchungu, kisha ikarundikwa kwenye mteremko ili ichuruzike.

Kusuuza chumvi kwa maji humshangaza anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa chumvi huyeyuka. Lakini maji ambayo yameshajaa chumvi hadi mwisho hayawezi kuyeyusha nyingine. Huweza tu kuchukua magnesiamu iliyoshika juu ya punje na kuondoka nayo. Katika kazi nzima ya chumvi ya bahari hakuna hatua rahisi kuliko hii, wala yenye faida kubwa kwa mlaji, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Rundo likiachwa lichuruzike kwa siku kadhaa, punje za juu hukauka na kuwa nyeupe, na maji machungu hutokea chini kwenye mchanga.

Namna ya pili ya kupata chumvi pwani ni ya kuchemsha. Ni ya zamani kuliko mabwawa, na katika sehemu nyingi imekuwa kazi ya wanawake. Kiangazi, baada ya bamvua kupita, ukoko wa udongo wenye chumvi hukwanguliwa juu ya jangwa na kukusanywa. Udongo huo hutiwa katika chujio lililojengwa kwa miti na nyasi, hukandwa kidogo, na kumwagiwa maji. Kinachochuruzika ni maji makali mara nyingi kuliko ya bahari, na ladha yake hueleza kama udongo bado una kitu au umeshaisha. Zamani yalichemshwa katika vyungu. Siku hizi hutumika masinia ya bati au mapipa yaliyopasuliwa. Mwanamke hukaa na moto kutwa nzima, akikusanya chumvi inavyoganda na kuitandaza kwenye majamvi.

Chumvi ya kuchemsha huwa laini na nyeupe, na inapendwa. Gharama yake ni kuni. Miti iliyo karibu na jangwa ni mikoko ya aina zake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi. Yote huwaka vizuri kwa moto mkali wa muda mrefu. Tanzania ina zaidi ya hekta 100,000 za misitu ya mikoko, nyingi zikiwa katika delta ya Rufiji, na misitu hiyo ni hifadhi ya serikali. Kukata bila kibali ni kosa. Mwanamke anayechemsha chumvi yuko kati ya sheria hiyo na chakula cha watoto wake. Ni jambo la haki kusema pia kwamba si yeye peke yake anayeumiza mikoko. Mabwawa ya jua, ambayo hayachomi hata ukuni mmoja, mara nyingine yamechimbwa mahali palipokuwa na msitu, na msitu ukishaondolewa kwa bwawa haurudi kirahisi kama ule uliokatwa matawi. Bwawa lililopangwa vizuri hukaa kwenye jangwa lenyewe na kuiacha mikoko mbele yake, ambako inavunja nguvu ya mawimbi na kulinda matuta. Mkato wa msitu wa mbele ni mkato wa tuta.

Msimu hufungwa na masika. Kuanzia Machi mvua huanza kuzimua mabwawa, na mvua moja ya usiku huweza kurudisha nyuma kazi ya wiki nyingi. Chumvi iliyo katika jaruba hupotea. Iliyo katika rundo huhifadhiwa kwa makuti au turubai. Miezi bora ni ile ya kusi, Juni hadi Oktoba, kukiwa kukavu na upepo unavuma bila kukatika. Januari na Februari nazo huzaa, jua likiwa kali. Vuli ni bahati nasibu.

Kutoka pwani chumvi husafiri kwa magunia. Barabara ya Tanzania–Zambia na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, zilileta chumvi ya bahari Mbeya kwa wingi usiokuwapo kabla, na kutoka Mbeya lori hushuka kupitia Tukuyu kuelekea Kyela. Kwa watu wa Masukulu waliokuwa wakubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bidhaa zilipoadimika nchi nzima baada ya vita vya Kagera, chumvi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kuulizia dukani kabla ya kuulizia bei. Walioipata waliigawa kwa vijiko kwa majirani. Kipindi hicho kiliacha mazoea ambayo yalidumu majikoni muda mrefu baada ya maduka kujaa tena: chumvi haimwagwi, chumvi haiachwi wazi.

Katika jiko la Masukulu la miaka hiyo chumvi ilikaa kwenye uchaga juu ya moto, ndani ya kibuyu au kopo, ili moshi na joto viizuie kulowa. Mtoto aliyetumwa kuileta kwa ajili ya ndizi au maharage alijifunza kugusa kwanza chini ya chombo. Kama pamelowa, mkubwa alimimina yale maji pembeni na kusema chumvi hii inalia. Dukani, gunia lililowekwa juu ya sakafu ya udongo liliacha alama nyeusi iliyolowa, na muuzaji aliweka gunia juu ya mbao. Wote waliamini kwamba kosa ni la mvua ya Rungwe.

Mvua ilikuwa na sehemu yake, ila si yote. Kloridi ya sodiamu iliyo safi huanza kunyonya maji hewani pale tu unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu huanza unyevu ukiwa kama asilimia 33, yaani karibu kila siku ya mwaka katika nchi kama Masukulu. Chumvi inayolia ni chumvi iliyoletwa na maji machungu yake. Mtu aliyekuwa mtoto huyo aliliona jambo hili waziwazi mara ya kwanza pwani, siku msimamizi alipofungua mfereji, na tangu hapo hakuweza tena kuilaumu mvua peke yake. Uamuzi wa jioni moja karibu na bahari humfikia mama jikoni milimani, naye hulipia maji aliyodhani ni chumvi.

Lipo jambo jingine zito kuliko unyevu. Nyanda za juu za kusini zilikuwa kati ya sehemu za Tanzania zilizosumbuliwa sana na goita, yaani uvimbe wa tezi la shingo, unaosababishwa na upungufu wa madini joto, au iodini. Madini haya yamo baharini, lakini milimani mvua nyingi huyasomba kutoka kwenye udongo, na mazao yanayoota hapo huwa nayo kidogo sana. Hali hiyo imeonekana pia katika milima ya Alpi, Himalaya na Andes. Mihogo isiyoandaliwa vizuri huongeza tatizo, kwa sababu sumu yake hulizuia tezi kutumia hata kile kidogo kilichopo. Katika Masukulu ya utoto unaosimuliwa hapa, mama wa makamo aliyefunga kitambaa shingoni ili kuficha uvimbe alikuwa jambo la kawaida, kiasi kwamba watoto hawakugeuka kumtazama. Uvimbe ulikuwa sehemu ndogo ya madhara. Mama mjamzito aliyekosa madini joto huweza kupoteza mimba, au kuzaa mtoto asiyesikia, asiyesema, au mwenye akili iliyodumaa, na madhara hayo kwa mtoto hayarekebishiki baadaye.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Kwa miaka 70, jumla yote haifikii gramu 4, ambayo ni chini ya kijiko kimoja cha chai. Tabu ni kwamba mwili hauwezi kuweka akiba ya kutosha. Sharti madini hayo yaje kidogo kidogo, karibu kila siku. Ndiyo maana nchi nyingi zilichagua chumvi kuyabeba, Uswisi ikitangulia mwaka 1922 na jimbo la Michigan nchini Marekani likifuata 1924. Kila mtu hula chumvi, tajiri na maskini, na hula kwa kiasi kinachokaribiana.

Tanzania ilianza kwa njia ya dharura. Katika miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuitaka chumvi yote ya kuliwa iwekewe madini joto. Matokeo yake yalipimwa: miongoni mwa wanafunzi waliochunguzwa, goita iliyokuwa karibu asilimia 25 katika miaka ya 1980 ilishuka hadi kama asilimia 7 mwaka 2004, na wakati huo zaidi ya asilimia 80 ya kaya zilikuwa zikitumia chumvi yenye madini hayo. Ni moja ya kazi kubwa za afya ya jamii zilizofanywa nchini, na haizungumzwi inavyostahili.

Watu wengi bado hudhani kwamba chumvi ya bahari, kwa kuwa inatoka baharini, ina madini joto ya kutosha yenyewe. Haina. Lita moja ya maji ya bahari ina kama maikrogramu 60 tu za iodini. Hata kama yote yangebaki katika chumvi inayotokana na lita hiyo, mlaji wa gramu 10 kwa siku angepata kama maikrogramu 20. Na hayabaki yote, maana mengine hupotea hewani na mengine huondoka na maji machungu. Ushahidi wa hili uko Pemba, kisiwa kinachozungukwa na bahari na kinachojitengenezea chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta goita kwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu kisiwani humo, kwa kuwa chumvi iliyokuwa ikiliwa ilikuwa haijaongezewa kitu. Mlima na kisiwa vilikutana katika ugonjwa mmoja.

Kuongeza madini joto ni kazi nyepesi kitaalamu. Hutumika iodati ya potasiamu, ambayo hustahimili joto na hewa kuliko aina nyingine. Gramu 84 hivi zinatosha kuipa tani nzima ya chumvi sehemu 50 za iodini kwa kila milioni. Mzalishaji mkubwa ana mashine. Mdogo huyeyusha dawa katika maji, akaitia katika bomba la kunyunyizia la mgongoni, akapuliza juu ya chumvi iliyotandazwa huku mwenzake akigeuza kwa koleo. Ugumu uko kwenye upatikanaji. Iodini ya dunia hutoka kwa wingi Chile na Japani, hununuliwa kwa fedha za kigeni, na mzalishaji wa magunia machache hana nguvu ya kuagiza peke yake. Ndiyo sababu vyama vya wazalishaji, kikiwamo chama cha kitaifa cha wazalishaji wa chumvi, vina maana kubwa kwa afya kuliko jina lao linavyoonyesha. Mama anayechemsha chumvi yake kwenye sinia, akaipeleka mnadani bila mfuko wala nembo, ndiye anayehitaji dawa hiyo imfikie kwa bei ya chini, badala ya kutishwa kwa faini.

Hapa habari ya unyevu na habari ya goita huungana. Iodati huyeyuka katika maji. Chumvi yenye magnesiamu ikilowa katika safari au dukani, madini joto hushuka na unyevu hadi chini ya gunia na kuchuruzika nje. Chumvi iliyoongezewa madini sawasawa kiwandani huweza kufika Masukulu ikiwa na nusu yake au pungufu, na lile doa jeusi kwenye sakafu ya duka ndilo lililokunywa kilichokusudiwa kwa mjamzito. Kumbe aliyeiosha chumvi kwa maji mazito na kuiacha ichuruzike alikuwa akiitunza dawa kabla haijatiwa. Mfuko wa plastiki ulioshonwa vizuri umesaidia sana kuliko magunia ya zamani ya katani, ila nao hauisaidii chumvi ambayo imefungwa ikiwa imelowa.

Jikoni, utunzaji unaofaa ni mwepesi. Chumvi iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria. Ichotwe kwa kijiko kikavu. Na itiwe chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu kuchemka kwa muda mrefu hupoteza sehemu ya madini. Uchaga wa juu ya moto unakausha vizuri, lakini moto unaowaka kila siku hupunguza madini joto pole pole, kwa hiyo chumvi ya kukaa hapo ni ya kutumika upesi, na akiba ikae pengine pakavu. Chumvi inayouzwa kwa kupimwa kutoka gunia lililo wazi inunuliwe kidogo kidogo, na ile iliyo chini ya gunia iachwe kwa ajili ya mifugo. Kuongeza chumvi katika chakula ili kupata madini zaidi si njia. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku.

Chumvi inaweza kupimwa shuleni au katika zahanati bila maabara. Kifaa chake ni kichupa cha maji yenye wanga. Tone moja au mawili hudondoshwa juu ya kijiko cha chumvi, na yenye madini joto hugeuka rangi ya zambarau, iliyokolea zaidi kadiri yanavyokuwa mengi. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Kwa kuwa madini huzama na unyevu, sampuli huchukuliwa sehemu tatu za gunia, juu, katikati na chini. Kipimo hiki huonyesha kama madini yamo au hayamo, na kwa makadirio ni kiasi gani. Kiwango kamili hupimwa katika maabara.